Dari la Viroba

Mchana wa kwanza niliolala Magindu, niliamka nikakuta mshumaa umeinama. Nilikuwa nimeusimamisha juu ya kabati, karibu na bati, kwa tahadhari ya umeme kukatika usiku. Saa nane na nusu mchana ulikuwa umepinda kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Ilikuwa Februari. Nikatoka nje, nikakaa chini ya mwarobaini pamoja na kuku wa mwenye nyumba, nao wametanua mabawa na kuhema midomo wazi, nikasubiri jua lishuke ndipo nirudi kwenye chumba nilichokuwa nimeshakilipia kodi ya miezi sita.

Mwenye nyumba alinikuta hapo. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya joto, nikauliza kama ana mpango wowote wa kuweka silingi bodi. Hakukasirika. Alicheka kwa upole, akaliangalia bati lake, geji 30, bado jipya kiasi cha kuumiza macho, akasema: "Mwalimu, wewe si upo kwa muda tu?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli nilikuwepo kwa muda tu. Nilipangiwa kituo, sikukichagua, na kama walimu wengine wapya nilianza kuhesabu miaka ya kuomba uhamisho kabla sijajua majina ya wanafunzi wangu. Kila mmoja wetu alikuwa na begi moja ambalo halijafunguliwa hadi mwisho. Tulilala kwenye magodoro yaliyowekwa chini, maana kitanda ni mzigo siku ya kuondoka. Tulipikia jiko moja la gesi dogo. Tulikuwa na ndoo ya kwa muda, pazia la kwa muda, na baadhi yetu, uchumba wa kwa muda. Ukituuliza kwa nini tunaishi vile, tungekujibu kwa neno ambalo kila kijana mwenye kazi ugenini analijua: napita tu.

Neno hilo limenisumbua tangu siku ile. Halionekani kuwa na ubaya. Dini zetu zote mbili zinatukumbusha kwamba sisi ni wasafiri hapa duniani, na wazee wanasema dunia mapito. Lakini angalia linavyotumika kwenye mambo madogo. Mwenye nyumba analitumia ili asitengeneze. Mpangaji analitumia ili asidai, wala asitengeneze yeye mwenyewe. Kati yao wawili linabaki bati, na chini ya bati kuna mtu anayetokwa jasho kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Magindu ni kata ya Wilaya ya Kibaha, mkoa wa Pwani. Unaiacha lami ya barabara kuu ya Morogoro, unaingia kwenye vumbi jekundu au tope, kutegemea mwezi. Nyumba zake zinasimulia mambo yao kupitia mapaa. Kuna bati jipya, kuna bati la kutu, kuna nyasi na makuti, na mbele zaidi, porini, kuna maboma ya wafugaji, wengi wao Wamaasai, yenye nyumba fupi zilizokandikwa. Sensa zetu huuliza nyumba imeezekwa kwa kitu gani, na sote tunajua jibu linalotafutwa. Bati ni maendeleo. Bati ni nyumba ya kudumu. Nyasi ni umaskini, ni kitu cha kuvumiliwa hadi pesa ipatikane.

Sasa nenda kakae mchana mmoja kwenye jiko la nyasi la bibi aliyekuwa jirani yangu. Nilianza kwenda pale kwa kisingizio cha kuomba moto, nikaishia kusahihisha madaftari humo. Paa la nyasi ni maelfu ya mabua, na ndani na katikati ya mabua kuna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia ni mlinzi mzuri kuliko chuma. Joto linaingia kwenye nyasi likipotea njia. Bati halina pa kulipotezea. Likishapata jua, upande wake wa chini unakuwa jua la pili, ambalo halina wingu wala mti wa kulikinga. Bibi alikuwa anajua hayo bila kufundishwa, lakini hata yeye alikuwa anakusanya pesa za bati. Nilimuuliza kwa nini. Akasema nyasi inataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na watoto wa kupanda juu wote wako Dar. Basi hapo ndipo ilipo hesabu yetu: kinachoitwa cha muda kinamlinda mtu vizuri, lakini kinadai mikono ya kukirudia. Kinachoitwa cha kudumu hakidai mtu yeyote, na ndiyo sababu kinapendwa.

Wiki ya tatu niliamua kuweka dari. Nililiita dari kwa heshima tu. Nilinunua viroba vitupu vya unga kwa mwenye duka, nikaomba maboksi ya sabuni na ya biskuti, nikaazima sindano ya kushonea magunia. Viroba nilivichana upande mmoja na kuvishona vikawa shuka kubwa jeupe lenye majina ya viwanda vitatu. Nikalitandaza chini ya kenchi, nikalifunga kwa kamba ya katani maana mwenye nyumba hakutaka misumari, kisha juu yake nikapanga maboksi yaliyokunjuliwa, tabaka mbili, yakipandana kama magamba ya samaki. Kati ya maboksi na bati niliacha nafasi, na ncha zote mbili za nyumba, pale ukuta unapokutana na paa, niliyaacha matundu wazi ili hewa ya moto itoke. Kazi ilinichukua Jumamosi nzima na nusu ya Jumapili. Watoto wa jirani walisimama mlangoni wakiuliza kama natengeneza kanisa.

Joto halikuisha. Naomba hilo lieleweke, maana watu wanaosimulia mambo yao ya kujitengenezea hupenda kusema kila kitu kilibadilika. Kilichobadilika ni kwamba nikikaa kitandani sikuhisi tena ule mkono wa moto utosini. Joto lilichelewa. Lililokuwa linafika saa tano lilianza kufika saa nane, na saa kumi na moja, wakati dari lenyewe limeshachoka, mimi nilikuwa nje tayari. Kizuizi cha namna hii hakileti ubaridi hata chembe. Kinachelewesha tu. Na siku ya mtu ina saa chache, kwa hiyo kuchelewesha si jambo dogo.

Kisha ukaja Julai. Usiku wa Magindu wakati huo unaweza kukushangaza kama unaijua Pwani kwa mchana wake tu. Bati linaupoteza joto wake mapema mno, na alfajiri umande unaganda chini yake na kudondoka. Dari lile lile lililozuia jua lilishika joto la chumba, na matone yakaishia kwenye maboksi badala ya usoni kwangu. Lilikuwa halichagui upande.

Nilimtumia picha rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, ambaye alikuwa Uskochi kwa masomo. Nilitaka acheke. Badala yake alinitumia picha zake. Alikuwa anaishi kwenye karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, imeegeshwa nyuma ya shamba la mtu, kwa sababu chumba cha mjini kilimshinda bei. Karavani imetengenezwa kwa ajili ya likizo ya kiangazi. Kuta zake ni nyembamba, madirisha ni makubwa ili mtu aone milima, na chini ya sakafu upepo unapita kama unavyopita chini ya daraja. Majira ya baridi yaliyotangulia, aliniambia, alikuwa akiamka na kukuta pumzi yake imekuwa maji ukutani, na maji hayo kwenye kioo yamekuwa barafu, upande wa ndani.

Naye alikuwa ameshona dari lake, kwa namna yake. Madirisha aliyabandika yale malailoni yenye mapovu ya hewa ambayo watu hufungia vyombo vya kuvunjika, na mengine yenye karatasi inayong'aa kama ya kufungia nyama ya kuchoma. Sakafuni alitandika mablanketi ya mitumba na juu yake zulia. Kuzunguka magurudumu alipanga marobota ya majani makavu ya ngano ili upepo usipite chini. Mlangoni alitundika pazia zito. Vyote vya kuondoa Aprili. Nikamuuliza swali lile lile nililoulizwa mimi: unajisumbua nini, si unaondoka baada ya mwaka? Alinijibu kwa sauti iliyorekodiwa, anacheka na kukohoa kidogo: "Kaka, mwaka una usiku mia tatu sitini na tano."

Alinieleza na kosa lake, ambalo ndilo lililonifanya niyaangalie tena matundu yangu. Wiki moja ya baridi kali aliziba kwa taulo zile nafasi za hewa zilizotobolewa ukutani na sakafuni mwa karavani, kwa sababu aliona anapasha joto uwanja. Jiko la gesi lilikuwa linawaka ndani. Aliamka kichwa kinamgonga na miguu haimtii, akatambaa hadi mlangoni. Zile nafasi zimewekwa hapo kwa makusudi, maana moto unaokosa hewa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Sisi huku hatuhitaji karavani kuijua. Watu wa Makete, Njombe, Mbeya na Arusha wanajua habari za familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi, ikafunga mlango na dirisha, na asubuhi majirani wakagonga bila kuitikiwa. Hawakuwa wajinga wale. Walikuwa wanatafuta joto kwenye nyumba ambayo haikujengwa kwa ajili ya baridi.

Neno lenyewe, karavani, limezunguka sana kabla ya kuwa nyumba ya likizo. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni msafara. Na misafara sisi watu wa Pwani tunaijua. Karne ya kumi na tisa, njia kuu ya kwenda Tabora na Ujiji ilianzia Bagamoyo, ikavuka mto Kingani, ambao ndio Ruvu wetu huu huu, ikapita nchi ya Wakwere kuelekea bara. Wapagazi walibeba nguo, shanga na waya kwenda, na pembe za ndovu kurudi. Kama kuna watu waliokuwa na haki ya kusema "napita tu", ni wale. Hawakulala mahali pamoja ila kwa nadra. Na bado jioni, baada ya kutua mizigo, walikata matawi na nyasi wakajenga vibanda, wakazungushia boma la miiba. Wanadamu waliotembea kutwa na mzigo begani, miguu imevimba, waliona inafaa kufanya kazi nyingine ya ziada kwa ajili ya usiku mmoja.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipopata mguu wa kusimamia. Tunapima gharama ya starehe kwa urefu wa kukaa: nikikaa miaka kumi nitaweka dari, nikikaa miezi sita sitaweka. Hesabu hiyo inafaa kwa pesa. Haifai kwa mwili. Mwili hauna miezi sita. Una mchana huu. Joto la leo halipunguzwi ukali na habari kwamba mwakani utakuwa Moshi, na baridi ya usiku wa Januari kule Uskochi haiulizi mkataba unaisha lini. Nyumba inaweza kuwa ya muda. Usiku unaolalwa ndani yake hauna toleo la muda.

Vibanda vile vya wapagazi, kwa taarifa yako, mara nyingi havikubomolewa. Msafara uliofuata ulivikuta ukavitumia, ukaviongezea nyasi. Nitalirudia jambo hili, maana liliniletea matatizo.

Lakini kabla sijajisifu, kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Aliitoa mwalimu mwenzangu, wa hesabu, siku aliyokuja kuliona dari. Alilipapasa, akalisifia, kisha akasema nimemsaidia mwenye nyumba kukwepa. Tungekuwa wapangaji watano wote tunalalamika, angeweka silingi bodi. Sasa mmoja amejitafutia nafuu kwa viroba, sauti zimebaki nne, na hiyo ya tano imelala. Aliendelea, maana ni mtu wa kuendelea: kila kiraka ni saini. Ukiziba tundu la mtu mwingine kwa pesa yako, umeweka saini kwamba tundu ni lako.

Sikuweza kumbishia papo hapo, na hata leo nampa sehemu ya haki yake. Neno "kwa muda" likitoka kwa anayekaa ni jambo moja, na likitoka kwa anayemweka mwingine mahali ni jambo jingine kabisa. Nchi yetu inaijua tofauti hiyo. Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, mamilioni walihamishiwa kwenye vijiji vipya, na wako waliotangulia kufika kabla ya nyumba. Waliambiwa wajihifadhi kwa muda. Wazee wetu wengi wana kumbukumbu ya masika ya kwanza chini ya paa lililoezekwa harakaharaka.

Au chukua Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 wakapokelewa kwetu, wakapewa ardhi huko Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Nchi hii iliwatendea wema ambao nchi nyingi hazikuutenda, na nasema hivyo bila kejeli. Walilima, wakajilisha wenyewe. Lakini kwa karatasi walikuwa wa muda kwa zaidi ya miaka thelathini. Ilipofika 2008 wakapewa nafasi ya kuomba uraia, zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa, na hati zikaanza kutolewa 2014. Katikati hapo paliwekwa sharti la kuhamia mikoa mingine, baadaye likaachwa. Miaka ile mtu ajenge, asijenge? Apande mwembe, asipande? Mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1974 alikuwa na miaka 40 hati hizo zilipoanza kugawiwa. Huyo alikuwa amepita wapi? Nyarugusu, kule Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na 2015 Warundi wapya wakaingia wakalala kwenye mahema. Hema ni neno la muda kuliko yote, na jua la Kigoma linalipiga sawasawa na linavyopiga nyumba ya mkuu wa wilaya.

Kwa hiyo namkubalia mwenzangu wa hesabu kwamba muda unaweza kuwa silaha ya mwenye nguvu. Anayekwambia ni kwa muda tu anakuomba ukopeshe siku zako, na hatakwambia utalipwa lini. Pale nisipokubaliana naye ni kwenye dawa yake. Anataka nibaki kwenye joto ili malalamiko yangu yabaki na nguvu. Huko ni kuutumia mwili wangu kama hoja. Mtu anaweza kuchagua hilo mwenyewe, watu wamegoma kula kwa sababu kubwa, nao nawaheshimu. Lakini kumwambia mama aliye Nyarugusu asiezeke nyasi juu ya hema lake ili wakubwa waone aibu ni jambo ambalo sithubutu. Aibu ya wakubwa inachelewa sana. Mtoto wake analala saa mbili usiku.

Na tena, ukweli niliouona ni kwamba aliyepoa ndiye anayelalamika vizuri. Kabla ya dari nilikuwa narudi mchana, najitupa chini, sina hata hamu ya kusoma mkataba. Barua yangu ya kwanza kwa mwenye nyumba, ya maandishi, yenye saini za wapangaji wanne, niliiandika chini ya viroba. Haikuzaa kitu. Ila iliandikwa.

Mwezi wa tisa nilikwenda kwenye boma la mwanafunzi wangu ambaye alikuwa hajaonekana darasani siku kadhaa. Mama yake nilikuwa namfahamu, maana alikuwa anatuletea maziwa kwa dumu asubuhi. Nilimkuta anakandika nyumba. Kwa Wamaasai nyumba ni kazi ya mwanamke na ni mali yake kwa namna ambayo mwenye nyumba wangu asingeielewa: yeye anaijenga, yeye anaizibia nyufa, yeye anajua inavuja wapi. Alikuwa amechanganya mavi ya ng'ombe na udongo, mikono imeloa hadi kwenye viwiko, anapaka paa kwa viganja. Nyumba ilikuwa fupi, mlango umepinda ili upepo usiingie moja kwa moja, na ukutani kulikuwa na tundu dogo la kutolea moshi. Nikacheka moyoni nilipoliona tundu, nikamkumbuka rafiki yangu na taulo zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Usinishike mkono."

Mtoto alikuwa amekwenda na ng'ombe, na sababu yenyewe ndiyo iliyonishangaza: malisho yamekauka, mume wake ameshatangulia kutafuta upande wa Kisarawe, na huenda familia nzima ikamfuata mvua za vuli zikichelewa. Huenda mwezi ujao. Nikaangalia ile kazi ya mikono, paa limebaki robo tu, nikamuuliza kwa nini anakandika nyumba ambayo huenda akaiacha baada ya wiki nne.

Aliniangalia kama vile mimi huwaangalia wanafunzi wanapouliza kitu nilichokwisha kukieleza. "Leo nalala wapi?" akasema, akachota tena.

Nimejaribu mara kadhaa kulipanua jibu hilo liwe falsafa, na kila mara linapungua uzito. Yeye hakuwa anatoa falsafa. Alikuwa na mawingu upande wa mashariki na watoto watatu. Nitaongeza moja tu, kwamba sikuona kwake ile hali tuliyokuwa nayo sisi walimu, ya kuishi nusu. Mtu anayehama kweli, ambaye kuhama ni maisha yake, hana begi lisilofunguliwa. Anafungua kila kitu, na anafunga kila kitu. Sisi tusiohama ndio tunaoishi kama tunahama: tunasubiri kujenga kwetu ndipo tuweke pazia zuri, ndipo tununue sahani sita, ndipo tumkaribishe mtu chakula. Nina marafiki Dar ambao wana miaka thelathini na mitano na bado wanaishi kwenye chumba cha kusubiria.

Familia ile haikuhama mwaka ule. Vuli iliwahi.

Uhamisho wangu ulitoka mwaka wa tatu. Nilifunga vitu vyangu kwa saa mbili, vikabaki vya juu. Nililiangalia dari langu likiwa limeshuka kidogo katikati, lina alama za kojo la panya pembeni na kamba mbili mpya. Nikafikiria kulifungua. Viroba vingefaa kubebea vitabu. Kisha nikawakumbuka wapagazi na vibanda vyao, nikaona haya, nikaliacha kwa ajili ya msafara utakaofuata. Niliondoka Magindu nimejaa ule uchangamfu wa mtu aliyetenda jambo jema bila gharama.

Mwezi mmoja baadaye aliyeingia chumbani mwangu, mwalimu mgeni, alipata namba yangu kwa wenzake akanipigia. Katika mazungumzo akataja kodi. Ilikuwa imeongezeka shilingi elfu tano kwa mwezi. Nikamuuliza vyumba vingine navyo vimepanda? Hapana, akasema, ni hiki tu, kwa sababu kina dari.

Nilikaa kimya kiasi cha yeye kuuliza kama bado nipo. Mwenzangu wa hesabu angefurahi. Saini ile aliyoisema ilikuwa imekwenda mbali kuliko alivyodhani: viroba vyangu, maboksi ya kuomba, Jumamosi yangu, vyote vilikuwa vimeingia kwenye mfuko wa mtu aliyeniambia nipo kwa muda tu, na kijana nisiyemjua alikuwa anavilipia kila mwezi. Nilifikiria kumwambia alibomoe lile dari siku hiyo hiyo, akadai elfu tano yake. Nikampa wazo hilo, kwa kweli. Akalifikiria. Akauliza joto la Februari likoje bila dari.

Nikamweleza habari ya mshumaa.

Akasema basi ataliacha, atajaribu kuongea na mzee, na kama ataandika barua ataniomba ile ya zamani aone ilivyopangwa. Alichokuwa ananipigia hasa ni kwamba kamba ya upande wa dirisha imekatwa na panya, maboksi mawili yameanguka, na hajui aanzie wapi kufunga. Nikamwelekeza: asogeze kabati, apande juu ya ndoo kubwa, aanze na kenchi ya pili kutoka mlangoni. Kwenye tundu la upande wa mashariki, karibu na paa, naye alikuwa ameanza kuliziba kwa matambara kwa sababu ya popo. Nikamwambia aweke wavu wa neti iliyochanika, asilizibe.

"Hewa itoke?"

"Hewa itoke. Una sindano ya magunia?"

Hakuwa nayo. Nikamwambia amuulize bibi wa jirani, aliye na jiko la nyasi, kama bado hajaweka bati.